Baiskeli Isiyo na Mwenyewe

Wapendwa wasikilizaji, juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa katekista wa kigango kimoja cha mbali. Sitataja jina lake wala kigango chake, kwa maana hakuniomba nimtaje. Barua yenyewe ni fupi, imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa mwalimu aliyezoea ubao. Anaeleza kwamba kando ya kanisa lao pana zahanati, na katikati ya kanisa na zahanati umesimama mwarobaini. Katika shina la mwarobaini huo imefungwa baiskeli kwa mnyororo na kufuli. Imekuwapo hapo tangu kabla ya Jumatano ya Majivu. Pasaka imepita, Pentekoste imepita, na baiskeli ingalipo. Matairi yamekwisha upepo, cheni imeshika kutu, na kuku wa jirani wamefanya keria kuwa mahali pao pa kulala. Hakuna aliyekuja kuiulizia. Sasa vijana wa kwaya wametoa shauri: mnyororo ukatwe, baiskeli iuzwe, na fedha zitiwe katika mfuko wa kununua kinanda. Baadhi ya wazee wamekubali, wengine wamenyamaza. Mwalimu anauliza: Je, Padre, tukifanya hivyo ni dhambi?

Yawezekana wengine mnatabasamu mnaposikia haya. Dunia ina vita na njaa, na Padre anasimama mbele ya kipaza sauti siku ya Bwana kuzungumza habari za baiskeli yenye kutu. Mimi sikutabasamu nilipoisoma barua ile, kwa sababu nina habari yangu ya baiskeli, nami sijapata kuisimulia redioni hata siku moja.

Miaka mingi iliyopita, simu za mkononi zikiwa bado hazijafika kwetu, nilikuwa padre kijana katika parokia moja ya mjini. Misioni yetu ilitazamana na hospitali, barabara tu ikitutenga. Karibu na lango letu palikuwa na nguzo ya chuma iliyobaki kutoka katika uzio wa zamani. Asubuhi moja tukaona baiskeli imefungwa kwenye nguzo ile. Ilikuwa Phoenix nyeusi, ya aina iliyokuwa ikionekana katika kila kijiji. Juu ya keria palikuwa na ubao uliokazwa kwa vipande vya mpira, kama wafanyavyo watu wanaochukua mkaa au madebe ya maziwa. Ilikuwa safi, na cheni yake iling'aa mafuta.

Juma la kwanza hakuna aliyeijali. Juma la pili kengele ikatoweka. Niliona, maana nilipita hapo kila asubuhi kwenda kuwakomunisha wagonjwa. Nikasema moyoni mwangu: mwenyewe ni mzembe. Juma la tatu ikaondoka pampu, halafu tandiko, halafu gurudumu la mbele. Ninyi mnajua jinsi mambo hayo yanavyokwenda. Hakuna mtu mmoja aliyeiiba baiskeli ile. Mmoja alichukua kengele, naye hakujiona mwizi, kwa kuwa alichukua kengele tu. Wa pili akaona kengele haipo, akajua kumbe kitu hiki hakina mwenyewe, akachukua pampu. Kila aliyekuja alikuta mwenzake amekwisha kumtangulia. Na juu yao wote alikuwako padre aliyepita kila asubuhi na Ekaristi kifuani, akatazama, akaenda zake. Wale waliochukua waliniona nikipita. Yawezekana kabisa kwamba ukimya wangu ndio waliouhesabu kuwa ruhusa.

Ikakaribia ziara ya Askofu kwa ajili ya Kipaimara. Tulifyeka majani, tukapaka chokaa mawe ya njiani, na ile baiskeli, ambayo sasa ilikuwa mifupa mitupu, ikawa aibu langoni. Nikamwita fundi wa baiskeli aliyekuwa na kibanda chake jirani, nikamwambia: "Kata mnyororo huu, uondoe takataka hii, na chochote kinachofaa ukichukue kiwe ujira wako." Fundi yule alikuwa mtu wa maneno machache. Alinitazama, akaniuliza: "Baba, na mwenyewe je?" Nikamjibu: "Angekuwapo, angekwisha kuja."

Siku kumi na moja baadaye, jua likielekea kuzama, alifika mtu mmoja langoni akiongozana na mtoto wake wa kiume wa miaka tisa hivi. Mtoto alitembea kwa magongo mawili, na ilionekana wazi kwamba bado alikuwa anajifunza kuyatumia. Mtu yule alisimama penye nguzo. Akaizunguka. Akaenda hadi pembe ya uzio, akarudi, kama mtu anayedhani amekosea mahali. Kisha akamkalisha mtoto juu ya jiwe lenye chokaa, akaja kubisha hodi.

Habari yake ilikuwa hivi. Mtoto alianguka kutoka juu ya mwembe, akavunjika mfupa wa paja. Baba yake alimfunga mguu kwa vijiti, akamweka juu ya ule ubao wa madebe ya maziwa, akaisukuma baiskeli usiku kucha hadi mjini. Hospitali ilipoona jinsi mfupa ulivyovunjika, ikaamua mtoto apelekwe hospitali ya rufaa, na gari la wagonjwa lilikuwa linaondoka alfajiri ileile. Mzee akavuka barabara mbio, akaifunga baiskeli yake kwenye nguzo yetu, akarudi na kupanda gari. Huko mtoto alilazwa majuma mengi, mguu ukivutwa kwa mawe ya mizani. Baba alilala chini ya kitanda, akapika, akafua, akamwogesha, kama ilivyo desturi yetu katika hospitali zetu. Hakuwa na njia ya kumpelekea habari mtu yeyote mjini, na hata kama angaliipata, hakuona sababu ya kufanya hivyo. Alikuwa amekwisha kufunga kufuli.

Naye alikuwa amepiga hesabu zake zote. Nauli ya basi ilimtosha kufika mjini. Kutoka mjini hadi kijijini kwake ni maili kumi na nne, na maili hizo alikuwa ameziwekea baiskeli, mtoto akae juu ya ubao kama alivyokuja. Ufunguo aliutoa mfukoni, umefungwa kwa uzi mwekundu usipotee. Akaniambia kwa upole, pasipo hata chembe ya ukali: "Padre, niliifunga hapa kwa sababu ni kwenu. Nilisema, pale hospitali wataichukua, kwa Padre haitaguswa."

Usiku ule niliwapeleka kwao kwa gari la parokia. Baiskeli nyingine nilimnunulia, lakini baada ya miezi mitatu, kwa fedha niliyokopa kwa kaka yangu, maana sikuona haki kuchukua sadaka za waamini kufidia kosa langu mwenyewe. Kwa miezi hiyo mitatu mtu yule alichukua maziwa kichwani.

Basi, Mwalimu, unaponiuliza kama ni dhambi, ujue unamwuliza mtu aliyekwisha kuitenda.

Nimefikiri mara nyingi nilikosea wapi. Sikuitamani baiskeli ile. Sikupata faida hata senti moja. Nilichokosea ni kwamba kwa majuma yote yale nilijiuliza habari za baiskeli, wala sikujiuliza hata mara moja habari za mtu. Nilisema, mbona inakaa hapa, mbona inachafua lango. Sikusema: mtu huyu amepatwa na nini? Ng'ambo ya barabara palikuwa na hospitali. Mtu anapoacha chombo chake cha kazi mbele ya hospitali akakaa majuma mawili, sababu haiko mbali. Kama ningalivuka barabara nikamwuliza mwuguzi ni nani aliyeletwa usiku ule, ningalijibiwa kwa dakika tano. Na kila asubuhi nilikuwa navuka barabara ileile.

Maandiko Matakatifu hayakuona kwamba jambo hili ni dogo mno. Katika Kumbukumbu la Torati, mwanzoni mwa sura ya 22, Waisraeli wanaagizwa juu ya ng'ombe, kondoo na punda wa ndugu yao waliopotea, na juu ya vazi lake pia, na kila kitu chake kilichopotea: wavirudishe. Kama ndugu huyo anakaa mbali, au kama hawamjui, mnyama achukuliwe nyumbani, atunzwe, mpaka mwenyewe aje kumtafuta. Na amri hiyo inakataza jambo jingine ambalo sisi hatulihesabu kuwa kosa, yaani kujifanya hukuona. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinaongeza kwamba hata mnyama wa adui yako ni lazima umrudishe. Nadhani iliongezwa kwa sababu Mungu anatujua. Tukiona mali ya mtu tusiyempenda imekaa juani, tunapita tukiwa na furaha kidogo.

Walimu wa Kiyahudi waliichunguza amri hiyo kwa makini sana, na mafundisho yao yalikusanywa katika kitabu kiitwacho Mishna yapata mwaka 200 baada ya Kristo. Humo wanatofautisha kitu kilichodondoka na kitu kilichowekwa. Wanauliza, kwa mfano, mtu afanye nini akikuta makinda ya njiwa yamefungwa pamoja nyuma ya ua au kando ya njia shambani. Wanajibu: asiyaguse. Ndege hawakujifunga wenyewe. Yuko mtu aliyewafunga, na aliyefunga anakusudia kurudi. Ukiwachukua, hata kwa nia njema ya kumtafuta mwenyewe, utamfanya arudi akute pahali patupu.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya noti uliyoiokota sokoni na baiskeli iliyofungwa kwa kufuli. Noti imeanguka, na mwenyewe hajui ilipo. Baiskeli haikuanguka. Mtu aliinama, akapitisha mnyororo, akafunga, akavuta kuhakikisha, akatia ufunguo mfukoni. Kwa kitendo hicho aliwaambia wapita njia wote kwamba atarudi. Anaweza kuchelewa, na anaweza hata kufa kabla ya kurudi, lakini neno lake liko pale kwenye shina la mwarobaini, na kutu haijalifuta.

Wazee wa Kiyahudi wanasimulia pia kwamba katika Yerusalemu ya zamani palikuwa na jiwe moja maalumu. Aliyepoteza kitu alikwenda kwenye jiwe hilo, na aliyeokota alikwenda hapohapo. Huyu akatangaza, na yule akataja alama za mali yake, akapewa. Fundisho moja katika Mishna linasema tangazo litolewe kwa sikukuu tatu za kuhiji, halafu siku saba zaidi baada ya ile ya tatu. Kwa nini saba? Siku tatu za mhujaji kwenda nyumbani kwake na kutazama kama ni kitu chake, siku tatu za kurudi, na siku moja ya kusimama na kudai. Tazameni jinsi walivyopima muda: walihesabu miguu ya mtu anayeishi mbali. Sisi twapima muda kwa uvumilivu wetu. Tunasema, imekaa mno. Imekaa mno kwa nani?

Ndugu zetu Waislamu nao wana mafundisho mengi juu ya kitu cha kuokota, na wasikilizaji wa pwani wanayafahamu kuliko mimi. Kwao aliyeokota huagizwa autambue mfuko na kamba uliofungiwa, kisha atangaze mwaka mzima. Inasimuliwa pia kwamba Mtume Muhammad alipoulizwa habari za ngamia aliyepotea, alichukizwa na swali lenyewe: wa nini kwako, naye anayo miguu yake na maji yake tumboni, na mwenyewe atamkuta? Yaani viko vitu ambavyo msaada mkubwa kuliko wote ni kuviacha mahali pake.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kuacha ndiyo kazi yote. Mtakatifu Augustino, katika mmojawapo wa mahubiri yake, anasimulia habari ya mtu maskini sana wa mji wa Milano, iliyotokea yeye mwenyewe alipokuwa huko, kabla ya kurudi Afrika. Mtu huyo alikuwa mtumishi wa shule, kazi yake ni kukaa mlangoni penye pazia. Aliokota mfuko wenye sarafu za dhahabu zipatazo 200. Hakumjua mwenyewe. Akaandika tangazo akalibandika hadharani: aliyepotewa na fedha aje mahali fulani, amwulizie fulani. Mwenye mali, aliyekuwa akizunguka huku na huku akilia, akaliona, akaja. Yule maskini hakumkabidhi papo hapo; alimwuliza kwanza mfuko ulikuwaje, muhuri wake ulikuwaje, na sarafu zilikuwa ngapi. Majibu yalipopatana, akatoa. Mwenyewe kwa furaha akampa sarafu 20. Akakataa. Akampa 10. Akakataa. Akambembeleza achukue hata tano tu. Akakataa. Ndipo tajiri akakasirika, akautupa mfuko chini, akasema kwamba hakupotewa na kitu, kwa maana kama hutaki kupokea chochote kwangu, basi nami sikupoteza chochote. Mwishowe yule maskini akashindwa, akapokea, na mara akagawa zote kwa maskini wenzake, asibakize hata moja nyumbani. Mimi huipenda habari hiyo hasa kwa ule ugomvi wa watu wawili, kila mmoja akimsukumia mwenzake dhahabu. Ugomvi wa namna hiyo sijaushuhudia katika parokia zote nilizopata kutumikia.

Na sheria ya nchi? Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 258 kinachoeleza maana ya wizi, inamfikiria pia mtu aliyeokota kitu kilichopotea. Haimhesabii udanganyifu kama hamjui mwenyewe na ana sababu za haki za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Angalieni maneno hayo: sababu za haki. Mtu ambaye hakuuliza popote hana sababu hizo, na baiskeli iliyofungwa kwenye mti kando ya zahanati ni vigumu hata kuiita kitu kilichopotea. Vijana wa kwaya wakikata mnyororo na kuuza, mwenyewe akirudi na polisi, neno "tulidhani imetupwa" halitawafikisha mbali.

Mwalimu wangu, sasa nikueleze ambavyo ningefanya mimi kama ningekuwa chini ya mwarobaini huo. Kwanza ningekwenda zahanati. Mganga anayo daftari ya wagonjwa. Mwombe atazame siku zile za kabla ya Jumatano ya Majivu: ni nani aliyeletwa kwa baiskeli, ni nani aliyepewa barua ya kwenda hospitali ya wilaya au ya rufaa, ni nani aliyefia hapo. Asikupe habari za ugonjwa wa mtu, hizo hazikuhusu. Akwambie tu kijiji, au apeleke neno yeye mwenyewe. Ukipata kijiji umekwisha kupata nusu ya kazi. Na huenda utakalolipata huko ni zito kuliko baiskeli. Pengine mwenyewe amelazwa na hana wa kumpelekea uji. Pengine amekwisha kufa na kuzikwa mbali, na mjane wake anajua tu kwamba marehemu alitoka nyumbani na baiskeli, wala hajui iliishia wapi. Mali hiyo ni ya watoto wake.

Pengine tena aliyeifunga hapo si mwenyewe, ila mwizi aliyeogopa kuendelea nayo mchana. Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji na polisi wapewe habari mapema. Geuzeni baiskeli mtazame namba ya fremu. Hupigwa katika chuma chenyewe, mara nyingi chini penye ekseli ya pedali au kwenye bomba la tandiko. Futeni matope, mtaiona. Namba hiyo mwipeleke kituoni iandikwe, nanyi mwandike namba ya RB mtakayopewa. Mtu aliyeibiwa baiskeli katika tarafa nyingine huenda aliripoti zamani na kukata tamaa.

Halafu litolewe tangazo, si kanisani petu peke yake. Mwenye baiskeli anaweza kuwa Mlutheri, anaweza kuwa Mwislamu, anaweza kuwa mtu asiyesali popote. Tangazeni gulioni, ofisi ya mtendaji, na kwa imamu na mchungaji wa jirani, ambao watafurahi kuombwa. Siku hizi zipo simu, na neno lililokuwa likichukua mwezi huchukua jioni moja. Ila msitaje kila kitu katika tangazo, wala msisambaze picha yake nzima. Semeni tu kwamba ipo baiskeli, mwenyewe aje aeleze. Yule maskini wa Milano alijua kuuliza muhuri. Nanyi mwulizeni ina rangi gani, imefungwa nini kwenye keria, imevunjika wapi. Lakini mwenye ufunguo unaofungua kufuli lile hahitaji kuulizwa mengi.

Katika baadhi ya miji ya Uholanzi na Japani, ambako baiskeli ni nyingi na nyingine huachwa njiani, maofisa wa mji hufunga karatasi juu ya baiskeli iliyokaa sana, yenye tarehe na onyo kwamba itaondolewa. Ikiondolewa hupelekwa katika uwanja maalumu, na mwenyewe anaweza kwenda kuidai humo. Nanyi fungeni karatasi, mwitie katika mfuko wa nailoni isilowe. Andikeni tarehe, na jina la mtu wa kuonwa. Karatasi hiyo itamwarifu mwenyewe, na itawaarifu pia wale wenye macho juu ya kengele kwamba baiskeli hii inatazamwa.

Kama ni lazima iondolewe pale, kwa sababu inazuia njia au inazidi kuharibika, basi iondolewe mbele ya mashahidi, mwenyekiti wa kijiji akiwapo. Likatwe pete moja la mnyororo, kufuli lisivunjwe. Iandikwe katika daftari ilivyo, kitu kwa kitu, wawili watatu watie sahihi, ikae stoo ya kigango. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na kijana mmoja wa kwaya apewe kazi ya kuitia mafuta cheni. Torati iliagiza ng'ombe atunzwe, haikusema afungwe zizini afe njaa.

Najua mtauliza: na kama hapana anayejitokeza kabisa? Hapo si kazi ya kwaya kuamua, wala yangu. Ipelekwe polisi, sheria ishike njia yake. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefundisha katika karne ya 13, alisema kwamba mali ya mtu asiyejulikana kabisa itolewe sadaka kwa maskini, kwa ajili ya wokovu wa mwenyewe, akiwa hai au amekufa; lakini akaweka sharti kwamba kwanza afanyiwe uchunguzi wa makini. Sisi hupenda kuanzia kwenye sadaka na kuuruka uchunguzi. Vijana wangu wa kwaya, nawapenda, na kinanda mnakihitaji, nimesikia jinsi mnavyohangaika kupata sauti ya kuanzia. Fanyeni mavuno, fanyeni harambee, niandikieni nami nitatia changu. Lakini siku mtakapokuwa mnaimba, na mtu mmoja akaingia kanisani akiwa na ufunguo mkononi, mtamtazamaje?

Lipo jambo moja nililolisahau katika habari yangu ya mwanzo. Jumapili iliyofuata baada ya mtu yule kurudi, niliwaeleza waamini katika Misa zote mbili jinsi mambo yalivyokuwa: nguzo, mtoto wa magongo, maili kumi na nne, na neno nililomjibu fundi. Sikumtuhumu mtu, kwa maana wa kutuhumiwa alikuwa amesimama altareni. Nikasema kwamba dirisha la sakristia halitafungwa usiku kwa juma zima. Fundi hakungoja usiku. Alikuja mchana, akaleta fremu iliyokuwa bado haijauzwa na gurudumu la nyuma, akaviweka barazani bila kusema neno. Kutoka kwa wengine hakikuja kitu Jumatatu, wala Jumanne, wala siku zilizofuata. Asubuhi ya Jumamosi nilipokwenda kuvaa kwa ajili ya Misa, nikaikuta kengele kwenye kizingiti cha dirisha. Kengele tu. Imepanguswa vizuri, na imefungwa katika karatasi ya daftari la shule.

Niliiweka mezani kwangu miezi mitatu. Siku mzee alipokuja kuchukua ile baiskeli mpya, ilikuwa tayari na kengele yake ya dukani. Aliitazama, akaifungua kwa bisibisi, akanirudishia, akaifunga ile ya zamani mahali pake. Mwanawe alikuwa amekuja naye, sasa bila magongo, akichechemea kidogo. Ndiye aliyeipiga kengele njia nzima kutoka langoni mpaka walipopinda kona ya hospitali.